Maradhi na Njia Zake: Mnazi Mmoja, Kariakoo na Mpaka Usiozuia

Katikati ya Dar es Salaam, baina ya maduka ya Uhindini na mitaa ya Kariakoo, upo uwanja uitwao Mnazi Mmoja. Leo una mnara wa Mwenge wa Uhuru, miti ya kivuli, na njia za miguu zilizochorwa na nyayo za wapitao. Maelfu huuvuka asubuhi kwenda kazini na huuvuka tena jioni wakirejea, na ni wachache wanaojiuliza kwa nini mji uliobanana namna hii, ambao kila kipande cha ardhi yake kina bei, uliachiwa pengo pana katikati yake. Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya maradhi. Uwanja ule ulikusudiwa uwe mpaka: upande mmoja Wazungu na Wahindi, upande wa pili Waafrika. Miongoni mwa hoja zilizotangulizwa kuuhalalisha ilikuwa hoja ya afya, kwamba maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda upande wa pili.

Kisa cha uwanja huu kina funzo la jinsi maradhi ya kuambukiza yanavyosafiri. Kina na funzo jingine, chungu zaidi: kwamba wenye elimu wanaweza kuijua njia ya maradhi, kisha wakaweka kizuizi mahali ambapo njia hiyo haipiti.

Mji wenyewe ulianza kwa matumaini. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliuanzisha katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, kwa kuvutiwa na bandari yake iliyojificha na pepo. Alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi mwaka huo huo: karibu na bahari, upande wa mashariki, zijengwe nyumba imara za mtindo wa Kizungu, vibanda vya udongo na makuti visogee nyuma. Kanuni hizo zilitaja nyumba, wala hazikutaja rangi za watu. Lakini kila mtu alijua nani alikuwa na uwezo wa kujenga nyumba gani.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam tabibu Mjerumani Robert Koch. Jina lake lilikuwa limeshaenea ulimwenguni, kwani mwaka 1882 alitangaza kukiona kijidudu cha kifua kikuu, na baada ya safari ya Misri na India mwaka 1883 na 1884 akakibainisha cha kipindupindu. Mwaka huo huo wa 1897, huko India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Hadi hapo watu wengi walisadiki kwamba homa ile inaletwa na hewa ya mabwawa, na jina lake lingali na kumbukumbu ya itikadi hiyo, maana katika Kitaliana malaria ni hewa mbaya. Neno likabaki, lakini njia ilikuwa imegunduliwa.

Koch alikuja na ugunduzi mwingine, nao ulikuwa wa kweli. Alionyesha kwamba mahali penye malaria ya kudumu, vimelea vimo hata katika damu ya watoto wasiokuwa na homa. Mtu anaweza kuonekana mzima, akacheza na kula, na huku mbu akimuuma anachukua maradhi na kuyapeleka kwa mwingine. Kwa msingi huo, mwaka 1901 daktari Hans Ollwig alianza kampeni mjini Dar es Salaam. Watu walifuatwa nyumba kwa nyumba, damu ikachukuliwa, ikatazamwa kwa hadubini, na aliyeonekana na vimelea akapewa kwinini, awe anaumwa au haumwi. Shabaha ilikuwa kuyasafisha maradhi ndani ya damu za watu, ili mbu akiuma asipate cha kubeba.

Kazi hiyo haikuimaliza malaria. Dar es Salaam ilikuwa mji wa bandari na misafara. Watu waliingia na kutoka kila siku, na aliyetibiwa leo aliweza kuumwa na mbu mwingine kesho. Dawa ilikuwa chungu, na wengi hawakuona sababu ya kumeza dawa ya maradhi wasiyoyahisi. Lakini wazo lililoachwa nyuma lilidumu kuliko kampeni yenyewe. Kutoka katika ukweli kwamba maradhi yanaweza kukaa katika damu ya mtu mzima wa afya, watawala wa makoloni mengi ya Afrika waliruka hadi hitimisho kwamba Mwafrika ndiye ghala la maradhi, na kwamba dawa ni kukaa mbali naye. Mbali kiasi gani? Kiasi ambacho mbu hawezi kuruka.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikwisha kupanga mji wa Waafrika ng'ambo ya uwanja wa wazi, na mwaka 1914 walinunua shamba la magharibi mwa mji kwa kusudi hilo. Vita vikawakatiza. Waingereza walioutwaa mji Septemba 1916 waliuendeleza mpango ule ule, na Mnazi Mmoja ukawa eneo la kutenganisha.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuuliza: maradhi ya kuambukiza husafiri vipi? Wataalamu huyafananisha na mnyororo wenye pete sita. Pete ya kwanza ni kisababishi chenyewe, kiwe bakteria, virusi au kimelea. Ya pili ni makazi yake, yaani mwili wa mtu au mnyama, au maji, ambamo huishi na kuzaana. Ya tatu ni mlango wa kutokea: kikohozi, kinyesi, damu. Ya nne ni chombo cha kusafiria: hewa, mkono, maji, chakula, mdudu. Ya tano ni mlango wa kuingilia katika mwili mpya. Ya sita ni mwili huo wenyewe, ukiwa hauna kinga. Ikikatika pete moja, mnyororo wote umekatika, na mkataji hana haja ya kuzigusa nyingine tano.

Liko na jambo la hesabu. Ikiwa kila mgonjwa, kwa wastani, anaambukiza watu wawili, basi wawili watazaa wanne, wanne wanane, na mji utawaka. Ikiwa kila mgonjwa anaambukiza chini ya mtu mmoja, maradhi yatafifia yenyewe. Hivyo si lazima kumwua kila mbu wala kuchemsha kila tone la maji; yatosha kuifanya njia iwe ngumu kiasi kwamba maradhi hayapati warithi wa kutosha.

Kwa mizani hiyo uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa na upungufu tangu siku ya kwanza. Mbu hakuwa na haja ya kuuvuka, kwa sababu watu waliuvuka. Wapishi, yaya, madobi, makarani na wapagazi walipita pale kila alfajiri, na baadhi yao walilala katika vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba za mabwana wao. Kama alikuwamo miongoni mwao mwenye vimelea katika damu, alivibeba kwa miguu yake hadi pembeni mwa vitanda vya wakubwa. Na mbu wa kumpokea hakukosekana, kwani kila palipo na maji yaliyotuama mbu huzaliwa, pawe Uzunguni au Kariakoo. Isitoshe, hata kama mpaka ule ungefaulu, ungefaulu kuwakinga watu wa upande mmoja tu. Upande wa pili ungebaki na maradhi yake yote, na mpangaji wa mji angeita hali hiyo ushindi.

Upande huo wa pili ukapata jina ambalo lenyewe ni kaburi la maradhi. Katika vita vile jeshi la Waingereza lilikusanya wapagazi wa Kiafrika katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walibeba risasi, unga na majeruhi katika nchi isiyokuwa na barabara. Mjini Dar es Salaam walipiga kambi mahali Wajerumani walipokuwa wamekusudia soko, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina la kikosi kuwa Kariakoo. Nairobi nako lipo jina ndugu yake, Kariokor. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Sababu hazikuwa siri: maji machafu, chakula kibaya, mavazi haba, na watu wa nyanda za baridi kupelekwa katika mabonde ya mbu ambayo miili yao haikuyazoea. Pete zote sita ziliunganishwa kwa amri. Soko lilipofunguliwa mwaka 1923 jina likabaki, na leo mnunuzi wa vitunguu au vitenge analitamka bila kujua kwamba anawataja wafu.

Mji wa Kariakoo ulikua kwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo cha shimo. Ardhi yake ni ya chini na tambarare. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana haraka ya kuondoka. Hapo ndipo yanapopita maradhi ya njia nyingine, ambayo hayahitaji mbu.

Kipindupindu si mgeni katika pwani hii. Katika karne ya kumi na tisa kilikuja mara kadhaa, na wimbi la mwaka 1869 na 1870 liliandikwa kwa makini na James Christie, tabibu Mskochi aliyekuwa akiishi Zanzibar na kumhudumia Sultani. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 Christie aliufuata ugonjwa ule hatua kwa hatua, kutoka kaskazini hadi Pangani kwa njia ya misafara ya bara, kisha kwa vyombo vya bahari hadi Unguja na kwingineko. Aliuliza wasafiri, akalinganisha tarehe, akaona kwamba ugonjwa unakwenda kwa mwendo wa watu na kutua katika vituo vyao. Hakuwa na hadubini ya Koch, lakini alikuwa na masikio. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa mji wa Zanzibar maji safi ya chemchemi kwa mfereji, na kazi hiyo ilikuwa kinga kuliko karantini nyingi.

Tanzania Bara ilikumbwa upya katika miaka ya 1970, na mlipuko mkubwa ulianza Rufiji mwaka 1977. Mwaka 1997 nchi ilirekodi wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliofariki walizidi 2,000. Agosti 2015 ugonjwa ulizuka Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi na kuvuka bahari hadi Zanzibar. Hadi mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamepindukia 20,000. Ndipo Rais John Magufuli alipozifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Disemba 2015, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, naye mwenyewe akashika kazi hiyo karibu na Ikulu na Feri.

Ufagio ulikuwa na maana yake, lakini kipindupindu hakikai katika vumbi la barabara. Hutoka kwa kinyesi na kuingia kwa kinywa, na baina ya hivyo viwili kuna maji, mkono, nzi na sahani. Aliyemeza vijidudu anaweza kuugua baada ya saa chache au siku tano. Na wengi wanaovimeza hawaugui kabisa, ila huvitoa kwa siku kadhaa bila kujijua. Kwa hiyo kumtazama mtu usoni na kuamua kwamba ni msafi au mchafu hakusaidii kitu. Linalosaidia ni maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa, choo kisichofurika, sabuni, na kwa aliyekwisha kuugua, maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mapema, ambayo yamewaokoa wengi mno duniani.

Mpenzi wa lugha atakuwa ameona jambo katika jina la ugonjwa huu. Kipindupindu ni neno la kupinda na kupindua, kwa ile mikakamao inayomkunja mgonjwa. Linaeleza kinachompata mtu, wala halielezi kilikotoka. Hali ni hiyo hiyo kwa jina jingine ambalo Dar es Salaam ililisikia upya katika karne hii: kidingapopo.

Mwaka 2010, kisha 2014, kisha 2019, mji ulipata milipuko ya homa ya dengue. Wagonjwa waliumwa kichwa, macho na viungo. Walipimwa malaria na kuonekana hawana. Wizara ilipotafuta jina la Kiswahili la kuwaambia wananchi, jina lilikuwapo, na lilikuwa kongwe kuliko mji wenyewe. Mwaka 1870 homa ya viungo iliuvamia mji wa Zanzibar, na Christie aliwasikia wenyeji wakiiita kidinga pepo. Wazee walimwambia kwamba homa ile ile ilifika zamani, wakakisia miaka kama hamsini nyuma, nayo iliitwa jina hilo hilo. Christie alilifasiri kuwa ni mkakamao wa ghafla unaoletwa na pepo, na wako wataalamu wanaoona kwamba jina la dengue, lililojitokeza katika visiwa vya Karibiani kwenye miaka ya 1820, lilichipuka kutoka neno hili la Kiswahili, likisafirishwa kwa merikebu pamoja na watumwa na maradhi yao. Wengine wanabisha. Lakini safari ya ugonjwa wenyewe baada ya 1870 haina shaka: ulitoka Zanzibar, ukafika Aden mwaka 1871, kisha miji ya India, kwa njia zile zile za karafuu, tende na nguo.

Kisha kuna kioja. Mwaka 1952, katika nyanda za Newala, kulizuka homa iliyowakunja watu viungo, na Wamakonde wakaipa jina lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Virusi vyake vilipotambuliwa, wataalamu walizirejea khabari za kale. Kwa kuwa maumivu ya viungo ya 1823 na 1870 yaliendelea kwa muda mrefu, baadhi yao wakasema huenda kidinga pepo ya wazee wa Unguja ilikuwa chikungunya. Ikiwa ni hivyo, Dar es Salaam ya 2014 iliita ugonjwa mmoja kwa jina la mwingine.

Kwa bahati njema, kosa hilo halimdhuru mtu, kwa kuwa njia ni moja. Dengue na chikungunya zote hubebwa na mbu wa jamii ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Huyu hapendi bwawa wala mtaro. Anataka maji yaliyotulia katika chombo: pipa, dumu lililokatwa, tairi bovu, kifuu cha nazi, chungu cha maua. Mayai yake hushika ukingoni na kustahimili ukavu kwa miezi, yakingojea maji. Haruki mbali; aghalabu maisha yake yote huishia ndani ya mita mia chache. Anayevipeleka virusi mbali ni mtu, aliyepanda basi akiwa na siku moja ya homa. Mbu wa malaria hutaga katika vidimbwi vya wazi na huuma usiku. Mbu wa matende na mabusha hustawi katika mashimo ya vyoo. Uwanja mmoja hauwezi kuwazuia watatu hawa. Kila mmoja ana maji yake, na kila maji yana dawa yake.

Ukweli huo ulifanyiwa kazi Dar es Salaam kuanzia mwaka 2004, pale halmashauri za mji zilipofufua mpango wa kupambana na malaria ya mijini. Wakazi wa mitaa yenyewe walifundishwa kuyatafuta mazalia, wakapita mtaa kwa mtaa wakiyaandika madimbwi, mashimo na mifereji iliyoziba. Mwaka 2006 unyunyizaji wa dawa ya kuua viluwiluwi ulianza katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na baadaye ukapanuliwa. Maambukizi yalipungua katika kata hizo. Miaka mia moja baada ya Ollwig, kazi ilifanywa tena nyumba kwa nyumba. Safari hii hakuna aliyechomwa kidole ili aitwe ghala la maradhi. Yaliyopekuliwa yalikuwa maji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnazi Mmoja ilikuwa namna ya ukuta uliojengwa ili ufa usizibwe. Mifereji, maji ya bomba na vyoo vya upande wa Kariakoo vilikuwa gharama. Uwanja mtupu ulikuwa rahisi. Lakini watu waliokusudiwa kutengwa waliugeuza matumizi. Pembezoni mwake, katika mtaa unaoitwa sasa Lumumba, ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na wasemaji wake wakahutubia umma pale pale palipoachwa wazi ili umma usikaribie.

Ufa, hata hivyo, haukwisha kwa hotuba. Mama wa Kariakoo anayejaza pipa lake usiku hafanyi hivyo kwa uzembe. Anajaza kwa kuwa hana hakika kwamba bomba litatoa kesho. Pipa hilo ndilo usalama wake na ndilo zalio la mbu. Kumlaumu ni kurudia hesabu ya zamani, ile ya kumhesabu mtu kuwa ndiye ugonjwa. Maji yakitoka kila siku, pipa halitakuwa na kazi. Mpaka hapo, linahitaji kifuniko kinachobana, na kusuguliwa ukingoni walau mara moja kwa wiki, kwa sababu mayai yamo pale, juu kidogo ya maji, wala hayaonekani kwa haraka.